Alama isiyoonekana ilivyomponza mwanafunzi wangu

Nina deni ambalo nimeamua kulilipa hadharani. Miaka michache iliyopita niliketi katika jopo la watahini watatu lililomsikiliza mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akiutetea mradi wake. Kijana huyo alikuwa ameandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, programu ndogo ya kuhesabu herufi katika matini za Gĩkũyũ. Ripoti yake ilikuwa safi. Kila herufi ilionyeshwa imetokea mara ngapi, na zile mbili ambazo Kiswahili hakina, yaani ĩ na ũ, zilikuwa miongoni mwa zilizotokea mara nyingi zaidi, kama ambavyo mtu yeyote aliyesoma japo ukurasa mmoja wa lugha hiyo angetarajia.

Tukamtaka aiendeshe programu hiyo mbele yetu, katika kompyuta ya maabara. Akafanya hivyo. Matini ni zile zile, programu ni ile ile, lakini jedwali lililotokea lilikuwa na sufuri mbili: ĩ sufuri, ũ sufuri. Kijana akapigwa na butwaa. Akasema, "Lakini kwangu inafanya kazi," akatia mkono mfukoni na kutoa simu. Alikuwa hana kompyuta yake mwenyewe. Kazi yote aliifanya kwenye simu ya mkononi, usiku, bwenini. Hatukuitazama simu ile. Mwenzetu mmoja alisema kanuni ni kuendesha kazi katika mashine ya idara, nasi wawili tukatikisa vichwa kukubali. Tukahitimisha kwamba programu haikuzihesabu kabisa herufi hizo na kwamba takwimu za ripoti zilipikwa. Akaamriwa aurudie mradi, na kwa hivyo akachelewa kuhitimu mwaka mzima. Sahihi yangu imo katika karatasi ile.

Kijana alikuwa akisema kweli. Kwake ilifanya kazi.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa isimu anatafuta nini katika mambo ya programu. Ningejibu kwamba kosa lililotuponza lilikuwa la kiisimu kabla halijawa la kiufundi. Lilikuwa kosa la neno lisilo na upatanisho, na mimi, ambaye kazi yangu ya kila siku ni upatanisho wa maneno, ndiye niliyepaswa kulinusa kwanza.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndani yake mna aina ya data iitwayo "char", na kila mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza kwamba hilo ni sanduku la kutilia herufi moja. Maelezo hayo yanapotosha. Kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Sanduku hilo ni namba ndogo, yenye ukubwa wa baiti moja, na katika kompyuta tunazotumia baiti moja ni nafasi nane ambazo kila moja hukaliwa na 0 au 1. Nafasi hizo ndizo biti.

Chukua baiti hii: 11000100. Ukiisoma kama namba isiyo na alama, nafasi ya kwanza kushoto ina thamani ya 128, ya pili 64, na ile ya tatu kutoka kulia 4. Jumla ni 196. Lakini kuna namna ya pili ya kuisoma. Ukisema kwamba namba hii ina alama, yaani inaweza kuwa chanya au hasi, basi ile nafasi ya kwanza kushoto hugeuka kuwa 128 hasi, na jumla inakuwa -128 ongeza 64 ongeza 4, ambayo ni -60. Biti hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni msomaji. Kwa usomaji wa kwanza baiti hubeba namba kuanzia 0 hadi 255. Kwa usomaji wa pili, kuanzia -128 hadi 127. Kutoka 0 hadi 127 usomaji wote wawili unakubaliana, na hapo ndipo fumbo linapojificha, kwa sababu mtu anaweza kuishi miaka mingi ndani ya eneo hilo la amani asijue kwamba kuna ugomvi nje yake.

Sasa je, "char" husomwa kwa namna ipi? Kwa namba za kawaida za C, ziitwazo "int", hakuna utata: ukiandika "int" peke yake umesema namba yenye alama, na ukitaka isiyo na alama ni sharti utangulize neno "unsigned". Mtu angedhani "char" nayo itafuata desturi hiyo. Haifuati. Kiwango rasmi cha lugha hiyo kilichopitishwa Marekani mwaka 1989, na kimataifa mwaka 1990, kilileta neno "signed" ili anayetaka alama aseme waziwazi, kikaliacha "char" lililo peke yake bila uamuzi. Kwa hiyo kuna aina tatu: yenye alama, isiyo na alama, na hii ya tatu ambayo hulingana na mojawapo ya zile mbili, kutegemea aliyeitengeneza kompaila, yaani programu inayoyageuza maandishi ya mtunzi kuwa amri za mashine. Mtengenezaji huyo anatakiwa tu kuuandika uamuzi wake katika kitabu cha maelezo, kitabu ambacho wanafunzi wangu, Mola awasamehe, hawajakifungua.

Wanaisimu tunayo namna ya kulifikiria jambo hili. Neno "nguo" katika Kiswahili halisemi lenyewe kama ni moja au ni nyingi. Ukisikia mtu akisema "nipe nguo", huwezi kujua. Ni upatanisho unaokata shauri: nguo hii, nguo hizi; nguo imechanika, nguo zimechanika. Lugha yetu imeruhusu nomino inyamaze kwa sababu imekiweka kiambishi mahali pengine kiseme kwa niaba yake. "Char" ya C ni "nguo" isiyo na kiambishi popote. Mashine moja husikia "hii", nyingine husikia "hizi", na kila moja huenda ikatekeleza ilichosikia bila kuuliza. Trubetzkoy na Jakobson, wataalamu wa shule ya Prague waliotufundisha tofauti ya umbo lenye alama na lisilo na alama, walielewa kwamba umbo tupu nalo lina maana yake ndani ya mfumo. Mfumo ambamo umbo tupu lina maana moja Nairobi na nyingine Mombasa wangeukataa.

Tuwatendee haki waliolianzisha. Hawakuwa wazembe. Mashine iliyolelewa nayo C ni PDP-11, na amri yake ya kuhamisha baiti kuingia katika rejista iliikuza baiti hiyo pamoja na alama yake. Kuichukua "char" kuwa yenye alama hakukugharimu chochote. Kuiondolea alama kungedai hatua ya ziada, na siku hizo kila hatua ilikuwa na bei. Mashine nyingine zilikuwa na maumbile tofauti. Prosesa za kwanza za ARM zilikuwa na amri ya kusoma baiti isiyo na alama na hazikuwa na ile ya kusoma yenye alama, kwa hiyo huko njia rahisi ilikuwa kinyume. Kitabu cha Kernighan na Ritchie cha mwaka 1978 kilikiri mapema kwamba jambo hili hutegemea mashine. Kamati ya 1989 ilizikuta nyumba mbili zimekwisha jengwa, zina watu ndani, ikaona isivunje yoyote. Ninaielewa. Siisifu.

Na kuna kifungu kimoja cha kiwango hicho ambacho kila nikikisoma hunikera. Kamati ilihakikisha kwamba herufi za msingi hazitakuwa hasi kamwe katika "char" ya mashine yoyote. Herufi za msingi ni zipi? Ni A hadi Z, kubwa na ndogo, tarakimu, na alama za uakifishaji zinazohitajika kuandikia programu. Ahadi hiyo ni ya kweli, hata ikawalazimu wenye mashine kubwa za IBM, ambako herufi A ina namba 193, kuichukua "char" kuwa isiyo na alama. Kwa maneno mengine, herufi za Kiingereza zimelindwa zisianguke chini ya sufuri. Herufi za Kifaransa zenye vistari juu, za Kihispania, za Kiarabu, za Gĩkũyũ, hazikuahidiwa kitu.

Chanzo cha mpaka huo kinafahamika. Orodha ya namba za herufi iitwayo ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, ina nafasi 128 tu, 0 hadi 127. Kila lugha iliyobaki ilitafutiwa makao juu ya 127. Leo maandishi mengi ya dunia huhifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ambao huziacha herufi za ASCII kama zilivyo na kuziandika nyingine zote kwa baiti mbili au zaidi, kila moja ya baiti hizo ikiwa 128 au zaidi. Herufi ĩ ni baiti mbili, 196 na 169. Herufi ũ ni 197 na 169. Jina la hayati Ngũgĩ lina herufi tano kwa jicho na baiti saba kwa mashine, na nne kati ya hizo saba, mashine ikiamua kuzisoma kwa alama, ni hasi.

Sisi tunaoandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini tunaweza kujidhania salama, kwa kuwa hatuna vistari wala vinundu juu ya irabu. Tusijidanganye. Andika "ng'ombe" katika programu ya kuandikia barua, nayo, kwa hisani ambayo hukuiomba, itakigeuza kile kistari kilichonyooka kuwa kistari kilichopinda. Kilichonyooka kina namba 39. Kilichopinda, katika UTF-8, ni baiti tatu: 226, 128 na 153. Ng'ombe wako amekwisha vuka mpaka. Sisemi habari za tenzi zetu kwa hati ya Kiarabu, ambazo hakuna hata herufi yake moja iliyo upande wa amani.

Nirudi kwa kijana. Miezi kadhaa baada ya kikao kile nilihitaji kuhesabu irabu katika matini za Gĩkũyũ kwa ajili ya utafiti wangu. Lugha hiyo ina irabu saba, na ĩ na ũ zimejaa hata katika viambishi vya ngeli: mũndũ, mũtĩ, mĩtĩ. Nikaikumbuka programu ile, nikamwomba mhadhiri kijana wa idara ya kompyuta aitazame pamoja nami. Aliisoma kwa muda usiozidi kumalizia kikombe cha chai. Mwanafunzi alikuwa ametengeneza jedwali la visanduku 256, vyenye namba kuanzia 0 hadi 255. Kwa kila baiti aliyoisoma, aliongeza moja katika kisanduku chenye namba ya baiti hiyo. Baiti aliiweka katika "char" tupu.

Simu yake ilikuwa na prosesa ya ARM, ambako "char" tupu haina alama. Baiti ya 196 ilikwenda katika kisanduku cha 196, na ĩ zikahesabiwa sawasawa. Kompyuta ya maabara ilikuwa ya jamii ya Intel, ambako "char" tupu ina alama. Huko baiti ile ile ikawa -60. Mtu mwenye akili angeuliza kisanduku namba -60 kiko wapi. C haiulizi. Ilirudi nyuma hatua sitini kutoka kisanduku cha kwanza, ikatoka nje ya jedwali, na kuongeza moja juu ya chochote kilichokuwa pale. Kisanduku cha 196 kikabaki sufuri. Haikulalamika, haikuzimika. Tulionyeshwa jedwali nadhifu, tukaliamini.

Linaloniuma ni hili: sufuri ile ilipaswa kunistua mimi kuliko mtu yeyote katika chumba kile. Matini ya Gĩkũyũ isiyo na ĩ hata moja haipo duniani. Nilikuwa na matini mezani, ninaziona herufi kwa macho yangu. Badala ya kuishuku mashine niliyoiona ikisema uongo, nilimshuku mtoto wa watu. Lugha yetu imefanya mzaha wa kikatili hapo, kwa sababu neno "alama" linabeba ile ya namba hasi na zile za mtihani pia. Kijana alinyimwa za pili kwa sababu ya ile ya kwanza.

Asije mtu akasema haya ni ya darasani tu. Mwaka 1996 iligunduliwa kwamba bash, programu ya kupokelea amri katika mifumo ya Unix, iliichukua baiti ya 255 kuwa kitenganishi cha amri, kwa kuwa katika "char" yenye alama 255 husomeka -1. Mwaka 2003 kasoro ya jamii hiyo hiyo ilipatikana katika Sendmail, iliyokuwa ikisafirisha sehemu kubwa ya barua za intaneti. Baiti hiyo ilifanana na ishara ya ndani ya programu, na ukaguzi wa urefu ukaweza kurukwa. Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa mwaka 2011. Programu iitwayo crypt_blowfish, ya kuyafumba maneno ya siri yasiweze kusomwa, ilibainika kuwa na kosa la alama: baiti iliyo juu ya 127 iliweza kuzifuta athari za hadi baiti tatu zilizoitangulia. Yaani mtu aliyetia katika neno lake la siri herufi ya lugha yake, akidhani amelikaza kufuli, huenda alikuwa amelilegeza. Aliyetumia herufi za Kiingereza pekee hakuguswa.

Wenzangu wa kompyuta niliozungumza nao hunijibu kwa namna mbili. Wa kwanza husema C imezeeka, vijana wanaandika Python. Kweli, lakini Python wanayoitumia wengi imeandikwa kwa C, na kiini cha Linux kilichomo ndani ya simu za Android vilevile. Wa pili husema dawa ipo: mwambie kompaila kwa amri moja kwamba kila "char" tupu isomwe bila alama. Hilo nalo ni kweli, na ndilo walilofanya watunzi wa kiini cha Linux kuanzia toleo la 6.2 la mwaka 2023, baada ya kuchoshwa na makosa yanayotokea kwenye mashine moja na kutoonekana kwenye nyingine. Hata hivyo, programu husafiri na amri hubaki nyumbani. Kampuni ya Apple, kwa mfano, imeichukua "char" tupu kuwa yenye alama hata kwenye prosesa zake za jamii ya ARM. Kijana wangu angehama simu tu akakutana na sufuri zile zile.

Ninachowaomba walimu, wa shule za upili na wa vyuo, ni kitu chepesi zaidi. Mfundisheni mwanafunzi tangu juma la kwanza kwamba anaposoma baiti za maandishi ili azihesabu, azilinganishe au azitumie kama namba za visanduku, aandike "unsigned char", maneno mawili, asiliache neno bila upatanisho. Mwasheni maonyo ya kompaila. Kompaila ya GCC ikiombwa maonyo ya kawaida humwambia mtunzi waziwazi kwamba ametumia "char" kama namba ya kisanduku. Laiti tungeyawasha siku ile, onyo hilo lingetokea mbele ya macho yetu sita kabla ya kumfungulia kijana mlango wa kutokea. Na majaribio yasifanywe kwa sentensi za salamu za Kiingereza peke yake. Tieni mũndũ, tieni ng'ombe mwenye kistari kilichopinda, tieni mstari mmoja wa Kiarabu. Programu iliyoandikiwa nchi yenye lugha zaidi ya arubaini haina budi kuzijua.

Watahini wenzangu nao wanisikilize. Mwanafunzi akisema kwake inafanya kazi, tazameni kwake. Kanuni ya kutumia mashine ya idara iliwekwa ili kuzuia udanganyifu, na siku ile ilizuia ushahidi. Siku hizi wengi wa wanafunzi wetu maskini wanajifunza kwa simu, na kwa kawaida simu hizo na kompyuta za maabara ziko kila moja upande wake wa ugomvi huu. Tusipolijua hilo tutaendelea kuwaadhibu wasio na kompyuta.

Nimeiandikia idara barua nikieleza yote haya, pamoja na kuomba kwamba neno "kurudia" liondolewe katika rekodi ya kijana. Nimeambiwa jambo hilo litaletwa katika kikao kijacho, nami nitakwenda na simu na kompyuta, nizilaze mezani kando kwa kando. Kijana mwenyewe nilimpigia simu. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Mwalimu, zile matini bado unazo? Nilipoteza nakala yangu." Anataka kuongeza Kikamba, ambacho nacho kina ĩ na ũ. Nilimtumia jioni ile ile.